PAMBA ZA SERENGETI: Usimvalishe mtoto bluu!

Likizo ikikaribia, kila nyumba ya mjini huwa na wimbo mmoja: watoto tuwapeleke wapi? Wa Dar watakwambia ufukweni. Wa Mwanza watakwambia Saanane. Sisi wa Mara, hasa tulio Tarime na Serengeti, tuna kituko chetu. Mzungu anapanda ndege kwao Ujerumani, analala angani usiku kucha, anakuja kumwangalia nyumbu. Mtoto wa Tarime mjini anamaliza la saba simba akimjua kwenye noti ya elfu mbili na tembo kwenye noti ya elfu kumi. Na hiyo ya elfu kumi yenyewe haioni mara nyingi!

Kule Marekani kuna Disneyland, ipo California tangu mwaka 1955. Wazazi wa kule, safari ikiiva, huwashonea watoto nguo za kufanana zenye picha ya Mickey Mouse, familia nzima ikatoka kama kwaya. Sisi Disneyland hatuna, lakini tuna Serengeti. Ni hifadhi ya taifa tangu 1951, Urithi wa Dunia tangu 1981, na ukubwa wake ni kilometa za mraba 14,763. Tena simba wa huku hawavui kichwa jioni na kurudi kwao na daladala. Ni simba kweli!

Kwa hiyo leo nazungumzia nguo. Usinicheke. Nimeshona, au niseme nimesaidia kushona, na nimeona kwamba nguo ya mtoto wa kwenda Serengeti si suala la kupendeza kwenye picha tu.

DADA NA CHEREHANI YAKE

Dada yangu mkubwa anaishi Tarime mjini. Si fundi wa kutundika kibao, ila ana cherehani ya miguu na foronya za nyumba nzima ni mkono wake. Likizo ya Juni alipoamua kwamba watoto lazima waione Serengeti, alisema na nguo atashona mwenyewe. Mimi nikapewa kazi ya kukata nyuzi, kutia lastiki na kufukuza watoto wasikae juu ya kitambaa.

Majirani walikuja na ushauri wao bila kuitwa, si mnajua Tarime? Wa kwanza akasema tununue satini ya bluu ya kung'aa, tuweke na mistari meusi, "watoto watesee kwenye picha". Wa pili akasema ya nini gharama, si wana sare za shule? Shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu, sweta la bluu juu, mambo kwisha.

Shemeji yetu mmoja aliyewahi kuendesha magari ya watalii pale Mugumu aliposikia neno bluu aliruka. "Mnataka ndorobo wawale watoto?"

NDOROBO ANAPENDA PAMBA

Ndorobo, au mbung'o ukipenda, ni yule nzi mwenye kuuma kama sindano ya hospitali. Ana macho makali kwenye rangi. Bluu humvuta tangu mbali, na nyeusi humfanya atue. Wataalamu wameujua udhaifu wake huo, ndiyo maana mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotiwa dawa. Ukiingia hifadhini utaviona vimening'inizwa mitini. Watoto wetu walipoviona waliuliza, "Nani kaanika nguo huku?"

Sasa wewe mzazi unamvalisha mwanao bluu na nyeusi. Si umemgeuza mtego unaotembea? Tena mtego usio na dawa!

Na siyo suala la kuwashwa tu. Ndorobo ndiye anayeambukiza malale. Si kila ndorobo anabeba ugonjwa huo, wengi hawana, lakini mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliugua malale baada ya kutembelea hifadhi za Tanzania, Serengeti ikiwemo. Mtoto akirudi safari, halafu akapata homa na ukaona kidonda kimevimba pale alipoumwa, usikimbilie dawa ya malaria ya dukani. Nenda hospitali, na umwambie daktari kwamba mtoto alikuwa mbugani.

Walimu mnaopeleka wanafunzi ziara ya mafunzo, hili linawahusu zaidi. Sare ya shule ya msingi ni nzuri paredi ya asubuhi. Kwenye maeneo ya ndorobo, lile sweta la bluu mlivue mliache nyumbani.

KAKI NDIYO MPANGO MZIMA

Basi tukaenda na rangi ya kaki. Neno lenyewe limetoka kwa Wahindi, likiwa na maana ya vumbi, na kwa vumbi la hifadhini limepatia kabisa. Kahawia, ugoro na kijani kilichopauka pia zinafaa. Nyeupe nayo ikifika saa nne asubuhi itakuwa kaki yenyewe bila kupakwa rangi.

Kuna vijana watasema, "Kwa nini msinunue zile nguo za mabaka mtumbani, si ndiyo pamba za msituni?" Wee! Mabaka ya jeshi kwa raia ni kesi Tanzania hii. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo wayasalimishe. Usije ukaishia kituoni kabla hujafika getini.

Haya, kwa wenye cherehani nyumbani, shikeni hizi:

Kwanza, loweka kitambaa usiku, kianike, ndipo ukate. Kaki ya pamba hupungua ikifuliwa, na ukikata kabla, suruali ya leo itakuwa pensi wiki ijayo.

Pili, kisiwe chepesi. Ndorobo hupitisha mdomo wake kwenye kitambaa chepesi kama hakipo. Kiwe kizito wa wastani, na sindano ya cherehani iwe nene kidogo, maana ile ya kushonea foronya itavunjika.

Tatu, mikono mirefu na suruali ndefu, nguo ipwaye. Kitambaa kikigandana na ngozi, nzi huuma kupitia hapo hapo.

Nne, kiuno kiwe cha lastiki, siyo zipu na mkanda. Njiani vyoo ni vya kuvizia, na mtoto wa miaka minne hangojei ufungue vifungo vitatu.

Tano, kofia iwe na kamba ya kufunga kidevuni. Upepo ukiipeperusha hakuna wa kushuka kuiokota. Sheria ya hifadhi ni kukaa ndani ya gari, na sheria ya simba unaijua.

Sita, acha pindo la inchi mbili mikononi na miguuni. Mtoto anakua, mwakani unaachia pindo na nguo inaendelea na kazi. Na sweta usisahau, asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kutosha.

MTOTO WA TANO

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike.

Dada ana watoto wanne wa kuzaa. Wa tano ana miaka 13, ni mtoto wa marehemu kaka yetu, na anaishi pale tangu alipofiwa. Urefu wake ni wa mtu mzima, kitambaa chake ni sawa na cha wale wadogo wawili. Tulipotandika kaki chini na kuanza kupima, ilionekana wazi kwamba haitoshi watano. Inatosha wanne na kipande.

Jirani aliyekuwa anatuangalia akasema kwa nia njema tu, "Huyu mkubwa mpeni fulana ya mtumba. Si ana akili, ataelewa."

Na kweli, yule mtoto alielewa. Alisema, "Shangazi, mimi hata fulana yangu ya zamani inatosha." Halafu akatoka nje kama aliyeitwa.

Wasomaji, nyie mnajua sare ni nini kwetu. Kwenye harusi, kwenye kipaimara, hata msibani, sare ndiyo inayosema nani ni wa nyumba hii na nani amekuja kula wali. Mkishona sare ya wanne mkamwacha mmoja, hamjapunguza gharama. Mmetangaza. Na watoto wanaolelewa na shangazi na wajomba ni wengi mno kwenye nyumba zetu, na karibu wote wamefundishwa kusema "inatosha".

Dada hakujibu kitu. Alifunga duka la mazungumzo, akanituma sokoni. Jora la kaki ile lilikuwa limekwisha. Nikapata nyingine, imekolea zaidi, inakaribia kahawia. Nikarudi nayo nikijua nimeleta tatizo, maana shati moja lingekuwa na rangi yake peke yake, na lingekuwa la nani? Si la yeye?

Dada akaitazama, akatabasamu. Akakata miili ya mashati yote matano kwa kaki ya kwanza, mikono, kola na mifuko yote kwa kaki ya pili. Tofauti tukawagawia wote. Ukiyaona mashati yale ungeapa kwamba ulikuwa mtindo uliopangwa tangu mwanzo. Mafundi wakubwa mnalijua hilo, kitambaa kikipunguka hakipunguki kwa mtu mmoja.

Kwenye mifuko tulibandika wanyama waliokatwa kwenye mabaki ya vitenge, kila mtoto achague wake. Ugomvi wa simba ulichukua nusu saa. Kisha wakaja tembo, twiga na pundamilia. Ilipofika zamu ya yule mkubwa, akasema anataka ng'ombe.

Wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. "Ng'ombe haruhusiwi mbugani!"

"Ndiyo maana nampeleka," akajibu.

Mura huyo! Kama ni mwenyeji wa huku umeshamwelewa. Kwa watu wengi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, Serengeti ni mpaka. Ni pale mifugo isipovuka, ni kesi ya ng'ombe waliokamatwa. Mtoto anakua akisikia mbuga ikitajwa kwa hasira, hajawahi kuiona kwa macho. Dada akamkatia ng'ombe mwenye pembe ndefu, akamshonea kwenye mfuko wa kushoto.

GETINI

Tulilala Mugumu, asubuhi tukaelekea geti la Ikoma. Mageti hufunguliwa saa 12 asubuhi, na ukiwahi unakuta wanyama hawajajificha jua. Raia wa Tanzania tunalipa kiingilio chetu kwa shilingi, cha chini mno ukilinganisha na cha wageni, mtoto analipa pungufu, na wa chini ya miaka mitano halipi. Ulizia mapema bei ya siku hizo na namna ya kulipa. Gharama inayouma kweli ni gari, kwa hiyo unganeni familia mbili au tatu.

Askari wa hifadhi akachungulia dirishani, akaona kaki tupu, akacheka. "Hawa ndio wa kwetu! Watano wote wenu?"

"Wote wetu," akasema mume wa dada, bila hata kugeuka.

Ndani ya hifadhi mwendo hauzidi kilometa 50 kwa saa, na gari likitembea ndorobo hulifuata, kwa hiyo mkifika kwenye vichaka fungeni vioo. Waliingia wachache, wakatuuma mimi na shemeji aliyekuwa amevaa jinzi ya bluu iliyokoza. Watoto walinusurika. Nyumbu tuliwaona hadi tukachoka kuhesabu, na tembo mmoja alisimama katikati ya njia dakika kumi kama trafiki. Yule mkubwa muda wote alikuwa anawafundisha wadogo zake majina ya wanyama kwa Kikurya.

Mashati yale bado yapo. Hayajawekwa kabatini kama ukumbusho, yanavaliwa. Jumamosi utawakuta nayo wote watano dukani wakitumwa chumvi, na ndivyo nguo ya nyumbani inavyotakiwa kuwa.

Kwa hiyo, mshkaji unayepanga likizo, na wewe dada unayeanza familia, anza na hesabu ya watoto kabla ya hesabu ya mita. Hesabu wote wanaolala chini ya bati lako. Kama kitambaa hakitoshi wote, badilisha mtindo, usibadilishe idadi. Na bluu iache nyumbani.

Kazi kwenu!