Je, Wajua? Kocha Aliyekataa Wachezaji Saba

Je, wajua kwamba Madden NFL, gemu maarufu ya kandanda ya Kimarekani, ilichukua miaka minne kuzaliwa, na sababu mojawapo ni kocha aliyekataa timu pungufu?

Mwaka 1984, Trip Hawkins, mwanzilishi wa kampuni ya Electronic Arts, alikutana na John Madden ndani ya treni, kwa kuwa Madden alikwishaacha kupanda ndege. Kocha huyo aliiongoza timu ya Oakland Raiders kutwaa ubingwa katika Super Bowl ya Januari 1977, kisha akawa mchambuzi wa televisheni. Hawkins alitaka jina lake na ujuzi wake. Tatizo lilikuwa kompyuta ya Apple II, yenye prosesa ya takriban megahezi 1 tu. Kuwaendesha watu 22 kwa wakati mmoja, kila mtu na jukumu lake, kuliielemea. Likaja wazo la wachezaji sita au saba kila upande. Madden akagoma: bila 11 kwa 11, huo si mpira.

Alikuwa sahihi. Katika mchezo huu anayerusha mpira ni mmoja, lakini mbele yake husimama watano wa kumkinga. Mpunguze mmoja tu, na mpango wote wa kocha unavurugika.

Gemu ilitoka 1988. Toleo la Sega Genesis la 1990 liliifikisha sebuleni kwa watu wengi, na tangu hapo kila mwaka huja toleo jipya, siku hizi kwa kawaida mwezi Agosti, wiki chache kabla ya ligi ya NFL kuanza. Ubishi hutangulia gemu yenyewe. Kila mchezaji halisi hupewa alama za kasi, nguvu na ustadi, ukomo ukiwa 99, na wapo nyota wanaolalamika hadharani kwamba wamepunjwa.

Toleo jipya likishatoka, mashabiki huuliza: kipya ni kipi? Swali hilo lina uzito, kwa sababu mwishoni mwa 2004 Electronic Arts ilipata haki ya pekee ya kutumia timu na wachezaji wa NFL. Mshindani wake, aliyekuwa ameshusha bei ya gemu yake hadi dola 19.99 mwaka huohuo, akabaki bila ligi. Mnunuzi asiyeridhika hana pengine pa kwenda, basi hupaza sauti. Mwaka 2020, kabla ya Madden NFL 21, wapenzi wa kuongoza timu msimu baada ya msimu walipoona sehemu yao imeongezewa machache, walilalamika kwa wingi hadi kampuni ikaahidi maboresho, na ikayaleta.

Madden alifariki Desemba 2021, na Madden NFL 23 ilitoka na sura yake kwenye jalada. Lakini heshima kubwa zaidi anapewa na hao walalamikaji wa kila Agosti: wanadai kile alichodai yeye ndani ya treni, mpira uliokamilika.