Jina Lilibadilishwa, Tovuti Zikaanguka

Ndugu msikilizaji, huenda jambo hili limekwisha kukupata. Unafungua tovuti usiku ulipie karo ya mtoto au ukate tiketi ya basi, na badala ya fomu uliyoizoea unakuta maneno machache tu: kosa namba 500. Asubuhi ukiuliza unaambiwa kwamba mtandao ulikuwa unasumbua. Pengine mtandao haukuwa na hatia yoyote. Leo tuzungumzie sababu moja isiyosemwa sana, nayo ni ugomvi wa matoleo.

Siku hizi ni nadra fundi wa kompyuta kuandika programu nzima peke yake. Huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, vinavyoitwa maktaba, akaviunganisha na kazi yake. Kila maktaba ina toleo lenye namba, tuseme 2.0.1. Kwa desturi, namba ya kwanza ikibadilika ujue kuna mageuzi makubwa. Ya pili ni nyongeza, na ya tatu ni marekebisho ya makosa. Lakini desturi si sheria, kama tutakavyoona.

Maktaba nazo hutegemeana. Mafundi wengi wa lugha ya Python hujenga tovuti kwa maktaba ya Flask. Flask humtegemea Jinja2, mpangaji wa maandishi ya ukurasa. Jinja2 naye humtegemea MarkupSafe, mlinzi anayehakikisha kwamba maneno yanayoandikwa na mtumiaji hayageuki kuwa amri ndani ya ukurasa. Fundi ameita Flask tu. Hao wengine wamekuja kama mtoto na mjukuu, na pengine hata hawajui kwa majina.

Mwezi Mei 2021, MarkupSafe ilitoa toleo 2.0. Ndani yake, kipengele kilichoitwa soft_unicode kilipewa jina jipya la soft_str, na likawekwa onyo kwamba jina la zamani litaondolewa katika toleo 2.1. Jinja2 toleo 3.0, lililotoka mwezi huohuo, likafuata jina jipya. Februari 2022 toleo 2.1 la MarkupSafe likatoka, na jina la zamani likaondolewa kama ilivyotangazwa. Wale waliokuwa bado na Jinja2 2.11 waliona programu zao zikigoma kuwaka, kwani Jinja2 hiyo ilikuwa ikimwita mtu kwa jina ambalo haitikii tena. Na tazama, ni namba ya kati tu iliyobadilika.

Utauliza: programu iliyofanya kazi jana inaangukaje leo, na hakuna aliyeigusa? Jibu liko katika huduma za wingu, yaani seva za kukodi ambazo makampuni makubwa huwapangisha watu kupitia intaneti. Kila unapopeleka huko toleo jipya la kazi yako, hata kama umesahihisha neno moja tu, kwa kawaida mitambo husoma orodha yako ya mahitaji na kuchukua maktaba upya. Ni sawa na kumtuma kijana duka la spea. Ukimwambia alete nati, ataleta nati yoyote iliyopo. Ukimpa namba, ataleta ya namba hiyo. Walioandika matoleo ya Flask na Jinja2 lakini wakamsahau mjukuu MarkupSafe walipewa toleo jipya kabisa. Kwenye kompyuta ya fundi mwenyewe lile la zamani lilikuwa bado lipo, ndiyo maana akaapa kwamba kwake inafanya kazi, na alisema kweli.

Hata pip, programu inayosakinisha maktaba hizi, haikuona tatizo. Tangu toleo lake la 20.3 la Novemba 2020, pip hukataa madai yanayopingana. Lakini Jinja2 2.11 ilikuwa imeandika tu kwamba inataka MarkupSafe 0.23 na kuendelea, bila kuweka kikomo. Kwenye karatasi wote walikuwa wanapatana.

Dawa ni ipi? Kwanza, soma kumbukumbu za makosa kwenye seva; mara nyingi mstari wa mwisho humtaja mkosaji. Pili, rudisha huduma kwa wananchi: hapa ilitosha kuandika MarkupSafe 2.0.1 katika orodha na kuipeleka programu upya. Tatu, andika matoleo ya maktaba zote, watoto na wajukuu, na uipe kila programu chumba chake ili isichanganye maktaba na jirani. Nne, panda polepole kwenda Flask na Jinja2 mpya, ukijaribu kwanza kwenye nakala ya pembeni.

Hiyo hatua ya nne ndiyo wengi huiruka. Wakishafunga matoleo hulala usingizi. Desemba 2021 dunia ilitangaziwa tundu kubwa la usalama katika maktaba ya Log4j, lililomwezesha mhalifu kuendesha amri zake kwenye seva ya mtu mwingine. Aliyebaki na toleo 2.14.1 hakuwa salama kwa sababu tu programu yake ilikuwa imetulia.

Kwa hiyo, kama unamlipa fundi akutengenezee tovuti ya duka, ya shule au ya chama chenu, muulize maswali mawili kabla ya kumkabidhi fedha. Matoleo yote yameandikwa wapi? Na ni nani atakayesoma maonyo yake, kila baada ya muda gani? Lile onyo la MarkupSafe lilikaa wazi kwa miezi tisa. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Tukutane tena wiki ijayo.