Spika Zisizo na Waya na Tatizo la Saa Mbili

Kupeleka muziki kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye spika zilizotawanyika sebuleni, jikoni na chumbani bila kuvuta waya ni jambo ambalo kampuni za elektroniki zimeliahidi kwa zaidi ya miaka 20, lakini wanaolijaribu bado hukuta wimbo ukikatika katikati, spika moja ikibaki nyuma ya nyingine, au kompyuta ikidai kwamba spika iliyolia vizuri jana haipo kabisa. Wengi hulaumu kasi ya intaneti, ilhali wimbo uliohifadhiwa ndani ya kompyuta hauhitaji intaneti hata kidogo, kwa kuwa hupita kwenye ruta, yaani kifaa kinachounganisha vyombo vya nyumba moja kwa mawimbi ya redio, na safari yake huishia humo humo ndani.

Ugumu wa kwanza ni wa muda. Sauti ya ubora wa CD hugawanywa katika vipande 44,100 kwa kila sekunde, na kila spika huvitoa kwa kufuata mapigo ya fuwele ndogo ya kwatzi iliyomo ndani yake, ambayo ndiyo saa yake. Hakuna fuwele mbili zinazopiga sawasawa kabisa: zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni moja, spika mbili zilizoanza pamoja huachana kwa milisekunde 3 kila dakika, na baada ya dakika 10 pengo limefika milisekunde 30. Kwa kuwa sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde, pengo hilo ni sawa na kuisogeza spika moja umbali wa mita 10 hivi, na hapo sikio huanza kusikia mwangwi, mpiga gitaa mmoja akawa kama wawili. Ndiyo maana mifumo iliyoundwa vizuri huzifanya spika ziulizane saa bila kukoma, kisha ikaongeza kipande kimoja cha sauti hapa au kupunguza kimoja pale pasipo msikilizaji kutambua, na kazi hiyo ya wahandisi inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Kinachofuata ni njia yenyewe. Masafa ya gigahezi 2.4, yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi, hutumiwa pia na Bluetooth, na oveni ya maikrowevu huyavuruga kila inapowashwa. Ukuta wa zege wenye nondo nao hudhoofisha mawimbi. Ili kuziba mapengo, mfumo huweka akiba ya sauti kabla ya kuicheza, na katika AirTunes, mfumo ambao Apple iliutoa mwaka 2004 pamoja na kifaa cha AirPort Express, akiba hiyo ilikuwa ya takriban sekunde 2. Kwa muziki mtupu haina madhara, bali kwa filamu ni balaa, maana midomo ya mwigizaji hutangulia maneno yake.

Hata hivyo, matatizo hayo ya kimaumbile yana dawa inayojulikana. Lililo zito zaidi ni kufuli ambazo kampuni zimeweka kwa hiari yao. AirTunes ilifungwa kwa ufunguo wa siri, hivyo programu ya iTunes peke yake ndiyo iliyoweza kuipelekea sauti, hadi Jon Lech Johansen wa Norway alipouchapisha ufunguo huo Agosti 2004. Mnunuzi aliyelipia kifaa kwa fedha zake hakupaswa kumsubiri mtu wa kuvunja kufuli ndipo akitumie apendavyo.

Kufuli hizo huumiza zaidi pale kampuni inapobadili nia. Google ilizindua Chromecast Audio, kifaa cha kupeleka muziki kwenye spika bila waya, mwaka 2015, ikaacha kukitengeneza Januari 2019. Mei 2024 Sonos ilibadilisha programu inayoongoza spika zake, wateja wakapoteza huduma walizozizoea, na Januari 2025 mkurugenzi mkuu wake, Patrick Spence, akaondoka. Spika ni koni, sumaku na sanduku, vitu vinavyoweza kudumu miaka 30, na ni dhuluma kuifungia kwenye programu ambayo huenda isifike hata 10. Squeezebox, kicheza muziki ambacho Logitech ilikiacha mwaka 2012, bado inalia katika nyumba nyingi kwa sababu programu ya kompyuta inayoilisha muziki ilikuwa huria, yaani mtu yeyote aliruhusiwa kuisoma na kuirekebisha, na watumiaji wakaendelea kuitunza wenyewe.

Kwa hiyo anayenunua spika leo afadhali akague kwanza kama ina tundu la waya la milimita 3.5, maana waya hautegemei programu ya kampuni yoyote. AirPort Express ya mwaka 2012 ilikuwa nalo, na Apple, ingawa ilikuwa imetangaza Aprili 2018 kwamba inaachana na vifaa hivyo, iliipatia AirPlay 2, mfumo wake mpya wa kupeleka sauti, Agosti ya mwaka huo huo, hata redio kubwa ya zamani iliyochomekwa humo ikaweza kulia sambamba na spika za kisasa.