Je, Wajua? Birdsville, kijiji cha ukingoni mwa jangwa

Birdsville ni kijiji cha watu wapatao 100 ukingoni mwa Jangwa la Simpson, takriban kilomita 1,600 magharibi mwa Brisbane, Australia. Kabla ya majimbo kuungana mwaka 1901, kilikuwa kituo cha forodha: ng'ombe waliovushwa kwenda Australia Kusini walitozwa ushuru hapo.

La kustaajabisha zaidi ni maji yake. Hutoka katika kisima chenye kina cha zaidi ya mita 1,200 yakiwa karibu kuchemka, kwa hiyo lazima yapozwe kabla ya kutumika. Kwa miaka mingi joto hilo la ardhini lilizalisha pia sehemu ya umeme wa kijiji.

Mvua kubwa ikinyesha, barabara za udongo hufungwa. Ndege hapo si anasa. Mgonjwa mahututi husafirishwa na Royal Flying Doctor Service, huduma ya madaktari wa ndege iliyoanzishwa mwaka 1928 kwa juhudi za mchungaji John Flynn. Mbio za farasi za Birdsville, zilizoanza mwaka 1882, huvuta maelfu ya wageni na kuichangia huduma hiyo fedha.