Maandalizi ya Chuo: Masuala ya Wazazi wa Machakos



Mji wa Machakos si mgeni kwa watu wa pwani. Kabla ya reli kujengwa, misafara iliyotoka Mombasa kuelekea Uganda ilipita katika nchi ya Wakamba, na mwaka 1889 kampuni ya Kiingereza iliyopewa mamlaka ya Afrika Mashariki ilijenga ngome hapo. Kwa njia hiyo ya misafara, lugha yetu na dini yetu ziliingia bara. Baadaye reli ikapita kando, Nairobi ikanawiri, na Machakos ukabaki kuwa mji wa shule zaidi ya kuwa mji wa biashara. Machakos School ilianza mwaka 1915. Chuo Kikuu cha Machakos, ambacho asili yake ni chuo cha ufundi, kilipewa hati ya kujitegemea mwaka 2016. Iko pia kampasi ya chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC. Mtoto wa mji ule hukua akiwaona wanafunzi wa chuo wakipita njiani kila siku.

Nilikuwa huko siku kadhaa wakati wa likizo kwa shughuli ya kusomesha. Nilitaraji kwamba baada ya sala ya Isha nitaulizwa habari za mirathi na talaka, kama ilivyo desturi. Niliulizwa habari za vyuo. Mzee mmoja, muuza vipuri vya magari, alinieleza kuwa mwanawe amepata alama ya B katika mtihani wa kidato cha nne, na ndoto yake tangu utotoni ni uhandisi. Walipofungua tovuti ya KUCCPS ili kuomba nafasi, kila kozi ya uhandisi waliyoigusa iliwakatalia.

"Sheikh, kwani B si alama nzuri?"

"Ni nzuri, mzee wangu. Fizikia alipata nini?"

Kijana hakuwa na Fizikia. Aliiacha alipoingia kidato cha tatu, kwa kuwa wenzake walisema ni ngumu na itamshusha wastani. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ile, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, alikuwa akiufunga mlango wa uhandisi kwa mkono wake mwenyewe. Baba hakushauriwa. Shule ilimpa karatasi ya kuchagua masomo, naye akaitia alama kama mtu achaguaye rangi ya kanzu.

Kisa hiki ndicho kilichonikalisha kuandika, maana nina yakini kwamba hapa pwani kipo katika kila mtaa. Sisi hudhani maandalizi ya chuo huanza siku matokeo yanapotangazwa. Hapo jirani hukimbilia duka la mtandao, kijana wa dukani akamchagulia mtoto kozi, akalipwa, na mambo yakaisha. Kwa hakika siku hiyo ni ya kuvuna tu, na aliyepanda mtama hawezi kuvuna mpunga.

Na tueleze utaratibu wenyewe, kwani wazazi wengi huuogopa kwa sababu hawakuelezwa. KUCCPS ni shirika la serikali lililoundwa kwa sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012 ili kuwagawia wanafunzi nafasi vyuoni. Ili kusomea shahada, mwanafunzi sharti awe na C+ kwa jumla. C- humpeleka diploma, na D humpeleka cheti cha ufundi. Hata aliyepata E anayo nafasi katika mafunzo ya stadi za mikono, na wala asidharauliwe. Lakini alama ya jumla ni idhini ya kuingia uani tu. Kila kozi ina masomo yake manne yanayopimwa peke yake, na pointi zake hazizidi 48. Uhandisi hutaka Hisabati, Fizikia na Kemia. Udaktari hutaka Baiolojia na Kemia. Kwa hiyo watoto wawili wenye B moja wanaweza kuwa na bahati mbili zilizo mbali kama Lamu na Kisumu. Jambo jingine linalowapotosha wengi ni ile pointi ya mwisho ya mwaka uliopita. Hiyo si sharti lililowekwa na chuo. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepokelewa mwaka ule, na mwaka huu huweza kupanda au kushuka.

Kwa watoto wa mtaala mpya uamuzi umesogezwa mapema zaidi. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya Kumi mwezi wa Januari 2026, na ili kufika hapo kila mtoto alichagua mkondo akiwa bado Gredi ya Tisa: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ndani ya mkondo huchagua masomo matatu juu ya yale ya lazima. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anaamua, kwa kiasi kikubwa, atakuwa nani akiwa na miaka ishirini na mitano. Wale wa mfumo wa zamani wamebaki wachache, na mtihani wao wa mwisho wa KCSE ni wa mwaka 2027. Mwenye watoto wawili nyumbani huenda akalazimika kuijua mifumo yote miwili kwa wakati mmoja. Mwenyezi Mungu amsaidie.

Sasa nigeukie jambo ambalo wenzetu wa bara hawalipati kama tulipatavyo sisi, nalo ni majina. Mtoto ameandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad shuleni, na Mohammed katika kitambulisho. Mahali pengine "bin" imeandikwa, pengine imeachwa, na jina la babu limekaa mahali pa jina la baba. Kwetu huyo ni mtu mmoja asiye na shaka. Kwa kompyuta ya serikali ni watu watatu. Kuyasawazisha majina mtoto angali darasa la chini ni kazi ya asubuhi chache. Kuyasawazisha baada ya cheti cha mtihani kutoka ni mashaka ya miezi, na dirisha la kuomba chuo halimsubiri mtu.

Kisha fedha. Tangu mwaka 2023 familia hupimwa uwezo wake, ndipo mwanafunzi akapangiwa sehemu ya ufadhili na sehemu ya mkopo. Utaratibu huo umekwisha kupingwa mahakamani na huenda ukageuzwa, basi fuatilieni habari zake. Mkopo wenyewe hutoka kwa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Najua uzito wa neno hilo katika nyumba zetu. Sitatoa fatwa katika ukurasa huu wa gazeti, kwa kuwa hali za watu hazilingani. Kila mzazi amwendee mwanachuoni anayemwamini na amweleze hali yake. Ninalolilalamikia ni wakati. Mtu huanza kuuliza barua ya chuo ikiwa mkononi na kumesalia siku kumi, ilhali basari ya kaunti na ile ya hazina ya eneo bunge zingaliombwa mapema, pasi na riba yoyote. Na wenye mali wakumbuke kwamba mwanafunzi fakiri ni fakiri kama wengine, naye ana haki katika zaka. Mara ngapi tumeigawa zaka yote kwa mchele, na jirani yetu akairudisha barua ya chuo kabatini?

Watu wazima wa Mombasa wanakumbuka habari ya marehemu Profesa Ali Mazrui. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na tangu mwaka 1932 gazeti lake la Al-Islah liliwahimiza Waislamu kuifuata elimu ya zama zao. Hata hivyo mwana alimaliza sekondari kwa daraja la tatu, na Makerere haikumpokea. Akafanya kazi katika taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hotuba yake katika hafla ya Maulidi ilisikiwa na gavana, njia ya ufadhili ikafunguka, na mwaka 1955 akaenda Uingereza kuikamilisha sekondari. Alipata shahada Manchester mwaka 1960, na udaktari wa falsafa Oxford mwaka 1966, na Makerere ile ile ikampa kiti cha uprofesa. Akili ilikuwa ile ile tangu mwanzo. Kilichopungua kilikuwa mtu wa kumwonyesha njia, naye alimpata kwa hotuba ya usiku mmoja. Watoto wetu hatuwezi kuwawekea tumaini la gavana apitaye.

Bara wako waliolifanya jambo hili kwa mpango. KenSAP, ulioanza mwaka 2004 katika Bonde la Ufa, huwachukua wanafunzi hodari wasio na uwezo na kuwaandaa kwa mitihani na maombi ya vyuo vikuu vya Marekani. Zawadi Africa hufanya mfano wa hayo kwa wasichana. Hizo ni kwa wachache wenye alama za juu kabisa. Wenye C+ na B- ndio wengi, na hao hawana mpango wowote ila sisi.

Wale wazazi wa Machakos hawakungoja wafadhili. Kabla sijaondoka walikubaliana kwamba Jumamosi moja kila mwezi, baada ya Alasiri, wanafunzi Waislamu wa chuo kikuu cha mjini wataketi msikitini na watoto wa sekondari, kila mmoja akiwa na daftari lake: kazi anayoitaka, masomo inayoyataka, alama aliyo nayo sasa. Mwana wa muuza vipuri ameombewa diploma ya ufundi wa umeme, ambayo kwa wengine huwa ngazi ya kuifikia shahada kwa miaka michache zaidi. Yeye mwenyewe ndiye aliyejitolea kuwasomesha Hisabati walio kidato cha tatu. Kazi ya kwanza waliyopewa wazazi kwa kikao cha mwanzo ilikuwa kuja na vyeti vya kuzaliwa, ili majina yakaguliwe.