Mafuta ya Karafuu na Kuku wa Langoni

Mfuko wa chakula cha kuku unaofika Langoni, mtaa wa mji wa Amu (Lamu), aghalabu umekwisha kulipiwa nauli mara tatu, ya lori hadi Mokowe, ya mashua hadi gatini Amu, na ya punda hadi bandani, kwani vichochoro vya mji huu havipitiki kwa gari. Na kwa kuwa chakula pekee hula zaidi ya nusu ya gharama za kufuga kuku wa gredi, mfugaji wa hapa ana sababu maradufu ya kutaka kila konzi igeuke nyama.

Haja hiyo ulimwengu uliitimiza zamani kwa antibiotiki, zikitiwa kidogo kidogo katika chakula cha kuku wazima, si kwa maradhi bali kwa unene, hata vijidudu vikazizoea. Ndipo Sweden ikazipiga marufuku mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata tarehe 1 Januari 2006. Pengo hilo ndilo lililowafungulia mlango wafanyabiashara wa mafuta ya mimea: ya oregano, ya mdalasini, na ya karafuu yenye yujenoli, ambayo hutoboa utando wa bakteria wa matumboni na kuchochea usagaji wa chakula.

Karafuu ni jirani yetu. Huko Wawi, Pemba, kiwanda cha shirika la biashara la serikali ya Zanzibar hutia mvuke makonyo, yaani vijiti vibakiavyo karafuu ikishachambuliwa, kikatoa mafuta ambayo, kinyume cha desturi ya mafuta, huzama chini ya maji. Rasilmali hiyo husafirishwa ng'ambo ikiwa ghafi, ilhali viungo vya chakula cha kuku tunavyouziwa aghalabu hutoka huko huko ng'ambo. Na kwa rai yangu hiyo ni tijara iliyopinduka, ambayo kiwanda cha chakula cha mifugo cha Mombasa kingeweza kuinyoosha.

Lakini muuzaji asimghilibu mtu. Mafuta haya si badala ya chanjo ya mdondo, wala hayaponyi banda lenye takataka mbichi. Na katika banda safi lenye kuku wazima, faida yake mara nyingi huwa ndogo mno kuonekana. Kipimo chake ni haba, kiasi cha gramu 5 hadi 10 kwa mfuko wa kilo 50, na atakayemimina chupa ya dukani kwa kukisia atawaona kuku wakikisusa chakula kwa ukali wake. Kadhalika, joto huirusha harufu, na nguvu ikaenda nayo. Kwa hiyo viwanda huyafunika mafuta kwa shahamu kabla ya kuyachanganya.

Basi mfugaji wa Langoni aliyeshawishika naagawe vifaranga wake mafungu mawili, moja kwa mafuta na moja bila, apime chakula na uzito hadi wiki ya tano, ndipo atoe fedha zake.