Takwimu za Utafiti na Nani Mwenye Nyenzo

Wapo wananchi wa Mkange wanaouliza: damu ya mtoto ikishapimwa Bagamoyo, majibu yake huenda wapi? Swali hilo ni la kisiasa, ndugu msomaji.

Kuanzia mwaka 2009 kituo cha Bagamoyo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilishiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria, RTS,S. Watoto 15,459 waliandikishwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Kazi hiyo haiwezekani kwa madaftari ya kabatini. Kumbukumbu za kila mtoto huingizwa kwenye kompyuta na kulinganishwa na za nchi nyingine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike. Faida kwa umma ni dhahiri.

Lakini enzi za ukoloni singa za katani zilisafirishwa ghafi, kamba zikasokotwa Ulaya. Takwimu zina ujanja zaidi, maana zikinakiliwa hazipungui ghalani, na mnyonywaji hudhani hajapoteza kitu. Mwenye nguvu ni mwenye mitambo na wataalamu wa kuzichambua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda siri za mtu na kuweka masharti ya kuzipeleka nje. Haimfundishi kijana wa Bagamoyo uchambuzi. Hilo huamuliwa kwenye bajeti ya utafiti.